Shoti za manjano na machungwa: siku ya kwanza tamu, siku ya tatu chungu kama shubiri

nyar_kano, Kisumu

Wazee kwa vijana, hamjambo. Nilitengeneza chupa kumi na mbili, tano tumekunywa, saba nimemwaga kwenye sinki leo asubuhi. Naomba mnieleze nilikosea wapi kabla sijarudi sokoni.

Nazungumzia shoti. Si ile ya stima inayounguza friji, ni hii ya kunywa: kikombe kidogo cha manjano (kiungo, si rangi), tangawizi na machungwa unachobugia asubuhi kwa mkupuo mmoja ukiwa umefumba macho. Chini ya ofisi yetu kuna mkahawa unaouza moja shilingi 150. Mililita 60! Nikapiga hesabu ya siku tano nikaona ni 750 kwa wiki, na mimi kutoka nyumbani hadi soko la Kibuye ni mwendo wa kumaliza hindi moja la kuchoma. Jumapili nikabeba kikapu.

Manjano mabichi nilipata kwa mama mmoja wa tangawizi aliyeyapanga mafungu mafungu juu ya gunia. Akaniambia yametoka Uganda. Akavunja kipande nione ndani, rangi ile ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na nikaona kidole gumba chake chote ni cha manjano mpaka chini ya ukucha. Akacheka: "Wiki hii na wewe utakuwa hivi." Kweli, mpaka leo nikisalimia mtu naficha mkono.

Nilichofanya ni hiki. Manjano gramu 100, tangawizi gramu 150, nikaosha tu bila kumenya kwa sababu kwenye video yule dada alisema nguvu yote iko kwenye ganda. Machungwa sita, haya ya ganda la kijani yanayotoka Tanzania. Nikayatoa ganda la juu, nikayatumbukiza kwenye blenda na mbegu zake na ngozi zake, maana blenda ni mpya na nilitaka ionyeshe kazi. Malimau manne ya kukamua. Pilipili manga nusu kijiko cha chai, asali vijiko vitatu, maji nusu kikombe. Nikachuja kwa leso yangu ya zamani, na leso hiyo sasa ni ya kupangusa meza.

Jumapili jioni nilionja nikajipongeza. Jumatatu ilikuwa tamu na kali, inashuka ikiwasha kifua vizuri. Jumanne nikasikia kauchungu nyuma ya ulimi, nikafikiri ni mimi. Jumatano hakukuwa na ubishi, ilikuwa chungu kama mwarobaini. Tena chupa zilikuwa zimefura. Nilifungua moja mezani ofisini, ikatoa *psss* kama soda iliyotikiswa, ikaniruka kwenye blauzi nyeupe, hapa juu ya mfuko.

Nikakimbia chooni nikalisugua lile doa kwa sabuni ya kipande, na mbele ya macho yangu likageuka jekundu. Jekundu la damu! Nyumbani kijana wangu wa miaka saba alipoiona kwenye beseni aliuliza, "Mama, nani amekuchoma kisu?"

Kwa hiyo: uchungu unatoka wapi, ilhali siku ya kwanza haukuwepo? Hiyo *psss* ni sumu? Na blauzi ina matumaini?

Nimekaribia kusahau. Mama mkwe wangu wa Maseno amesikia habari hizi, anataka nimpelekee chupa sita Jumamosi. Magoti yanamsumbua, na redioni alisikia manjano ni dawa ya magoti. Ni mtu wa moyo, alibadilishiwa vali miaka mitatu iliyopita na anameza vidonge vya kuzuia damu isigande. Nimpe zile zile au nimpunguzie tangawizi?

mzee_wa_langa, Nakuru

Nyar Kano, pole kwa blauzi. Mimi nilikuwa na kibanda cha juisi hapa Nakuru kwa miaka tisa, na kosa lako nimelifanya kwa ndoo, si kwa chupa.

Ulimi wako haukukudanganya. Jumapili ule uchungu haukuwepo, ulizaliwa baadaye ndani ya chupa. Kwenye zile ngozi nyembamba za vipande vya chungwa, kwenye ule weupe wa ganda na kwenye mbegu, kuna kitu ambacho chenyewe hakina uchungu. Ukikisaga kikakutana na ukali wa maji ya chungwa, kinageuka polepole, saa baada ya saa, kuwa kitu kinachoitwa limonini. Na limonini kidogo tu yatosha kuharibu jagi zima. Ndiyo maana mtu anakamua asubuhi anasifiwa, jioni anarudishiwa glasi. Mimi nilikuwa nalaumu machungwa, nikabadilisha wauzaji watatu, kumbe mwizi ni blenda.

Chungwa halisagwi. Likate katikati kwa upana, likamue kwa kile kikamulio cha plastiki cha kuzungusha kwa mkono, na uache kabla ganda halijaanza kulia. Ukisokota mpaka ule weupe unachubuka, umerudi pale pale. Blenda ni ya manjano na tangawizi peke yake, na maji kidogo.

Ile *psss* nayo ni pombe changa. Ganda la tangawizi lina hamira yake ya asili. Kuna watu huloweka tangawizi na sukari makusudi ili ichachuke wapate kinywaji cha povu. Wewe uliweka tangawizi na ganda lake, ukaipa asali na maji ya machungwa kama chakula, ukaifungia kwenye chupa, halafu unashangaa imekula? Si sumu ya kukuua papo hapo, lakini kitu ulichotaka kikae bila kuchachuka kikachachuka, hujui kingine kilichoota humo ni nini. Kumwaga ulifanya sawa. Na kama zilikuwa za plastiki, shukuru. Ya glasi ingepasuka.

Swali langu ni friji. Hapa kwetu tuko kama mita 1,850 juu, usiku kuna baridi ya koti, juisi huvumilia. Huko kwenu kando ya ziwa haivumilii. Ilikaa wapi?

nyar_kano

Mzee, heshima yako. Ilikaa kwenye mlango wa friji. Na sasa umenikumbusha: Jumatatu stima ilipotea saa mbili usiku ikarudi alfajiri nikiwa naoga. Sikuunganisha mambo kabisa.

Niungame na lingine. Nilitaka kuua vijidudu, nikamimina maji yaliyokuwa yakichemka kwenye zile chupa za plastiki. Zilijikunja kama masikio ya mbuzi. Nne nilitupa, nikaenda kununua nyingine, na hizo nyingine sikuziosha kwa chochote kwa sababu nilikuwa nimekasirika.

mzee_wa_langa

Basi kesi imeisha, hakimu anaweza kwenda nyumbani.

Fanya hivi. Tangawizi na manjano yasugue kwa brashi, yamenye kwa ncha ya kijiko (kisu kinakula nyama), saga na maji kidogo, chuja, kisha mimina kwenye trei ya barafu ugandishe. Vipande vikiganda vitoe uvitie kwenye mfuko, virudishe kwenye friza ya juu. Asubuhi chukua kipande kimoja, kamua chungwa nusu na kipande cha limau juu yake, koroga, kunywa. Hakuna chungwa linalolala usiku, hakuna uchungu, na vitamini C yake unaipata ikiwa mbichi maana hupungua ikikaa. Stima ikipotea usiku mmoja, barafu iliyojaa vizuri hustahimili kuliko chupa ya mlangoni. Asali tia kwenye kikombe chako, si kwenye trei.

Na pilipili manga isage papo hapo. Ile ya paketi iliyofunguliwa tangu Krismasi ni vumbi tu.

shamba_lurambi, Kakamega

Mimi nimekuja kwa ajili ya blauzi. Dada, tulia, si damu na haijaharibika.

Rangi ya manjano inajua kutofautisha ukali wa limau na ukali wa majivu. Ikiwa na limau hubaki njano. Ikikutana na sabuni ya kipande, magadi au ule musherekha (maji ya majivu) tunaopikia mboga, inageuka nyekundu hadi kahawia. Mimi niligundua nikiwa kijana: nilikuwa nimesaga manjano, nikasuuza mikono kwenye kikombe nilichodhani ni cha maji, kumbe nyanya ameweka musherekha wake wa mrenda. Mikono ikawa ya mchinjaji. Nyanya alinifukuza jikoni na ile mboga nilikula bila chumvi ya majivu siku hiyo. Mkitaka kuwachekesha watoto, chukueni karatasi nyeupe, ipakeni maji ya manjano, ikauke, kisha waandike juu yake kwa kidole kilicholowa maji ya magadi. Herufi zinatokea zenyewe nyekundu.

Sasa doa lako. Suuza sabuni yote itoke, dondoshea limau utaona linarudi njano. Suuza tena, kisha anika blauzi ikiwa bado na unyevu, doa likitazama jua la saa sita. Rangi hii haipendi jua, linaila polepole. Likikauka lowesha tena uanike tena. Siku mbili tatu. Usilipige jiki kwa hasira kabla ya kujaribu jua.

Na jingine, kwa kuwa Kisumu haikosi mvua: kata kipande chenye jicho, kifukie kwenye ndoo kuukuu ya rangi yenye mashimo chini, mvua za Machi zikianza. Miezi minane mpaka kumi majani yanakauka yenyewe, unachimba. Mimi sinunui. Ya unga ndiyo siigusi kabisa nisipojua aliyeisaga. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba huko Bangladesh kuna wasagaji waliokuwa wakitia rangi yenye madini ya risasi ili manjano yang'ae, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Sisemi unga wa hapa uko hivyo. Nasema kipande kizima ukikivunja unaona ndani mwenyewe, kama yule mama wa Kibuye alivyokuonyesha.

muuguzi_mstaafu, Kisumu

Mmeongea kuhusu blauzi na barafu mkampita mama mkwe barabarani.

Mwanangu nyar_kano, usimpelekee. Si kwa kupunguza tangawizi, si kwa nusu chupa, usimpelekee mpaka aliyemwandikia dawa aseme. Mtu mwenye vali ya kubadilishwa akiwa kwenye vidonge vya damu, mara nyingi ni wafarini. Hiyo dawa ina njia nyembamba: ikizidi anavuja damu, ikipungua vali inaganda. Ndiyo sababu ana kadi na anapimwa ile INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, kila mara. Manjano mengi na tangawizi vinaweza kusogeza damu upande wa kuvuja, na pilipili manga inabadilisha jinsi mwili unavyoshughulikia dawa nyingine. Kijiko cha manjano kwenye mchuzi wa familia si tatizo, amekula hivyo maisha yake yote. Tatizo ni kile kikombe kilichokolea, kila siku, kilichoanza ghafla.

Ukiwa unajua ameshaonja kwa jirani, mwangalie: fizi kutoa damu, alama nyeusi za michubuko bila kugongwa, choo cheusi kama lami. Ukiona moja hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Na asiache vidonge eti kwa sababu amepata dawa ya asili. Hilo nimeliona wodini na sitaki kulisimulia hapa.

Nyinyi wengine: mwenye mawe kwenye nyongo asichezee manjano mengi, mjamzito abaki na ya kwenye chakula, mwenye vidonda vya tumbo anajua mwenyewe limau la asubuhi linamfanya nini. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa. Na baada ya kunywa sukutua kwa maji, usipige mswaki papo hapo. Ukali wa limau umelainisha jino, ukisugua unalikwangua. Subiri nusu saa.

mwalimu_wa_kemia, Bungoma

Samahani, hesabu inaniwasha.

Gramu 100 za manjano mabichi kwa chupa kumi na mbili ni kama gramu 8 kila moja. Sehemu kubwa ya hiyo ni maji, tuseme yakikauka inabaki gramu moja na nusu. Kukumini, ile kemikali ya ndani ya manjano ambayo ndiyo kila mtu anaitafuta, ni kama asilimia 3 ya unga mkavu. Hapo mna miligramu 45 hivi, na nyingine imebaki kwenye leso ya dada. Ule utafiti wa India wa 1998 unaotajwa kila mahali, kwamba pilipili manga inaongeza ufyonzaji wa kukumini mara ishirini, uliwapa watu gramu 2 za kukumini yenyewe pamoja na miligramu 20 za piperini (ule ukali wa pilipili manga), kitu cha maabara. Ni zaidi ya mara arobaini ya kikombe chenu.

Tena kukumini haiyeyuki kwenye maji, inapenda mafuta. Ndiyo maana chini ya chupa kuna tope. Tikisa, au unywe baada ya yai au parachichi. Mimi nakunywa pia, napenda ule moto wa tangawizi kabla ya gwaride la asubuhi. Lakini magoti ya mtu mzima hayatapona kwa miligramu 45.

boda_kondele

Hii yote kwa kikombe kimoja? Mimi nakunywa uji wa wimbi na ndimu, naendesha hadi saa nne usiku.

nyar_kano

boda_kondele nakuheshimu, lakini wewe hujaona bei ya mkahawa wetu.

Nimerudi na majibu. Safari hii nilisugua, nikamenya kwa kijiko, nikatumia glavu za kuoshea vyombo (kidole gumba kimeanza kurudi kwa mwenyewe). Maji yaliyochujwa yalitoka vipande kumi na vinne vya barafu. Nimetumia sita, sita zote ladha moja, hakuna kauchungu. Chungwa nalikamua asubuhi nikiwa nimesimama, na ngozi zote nazitupa bila huruma. Nikijumlisha manjano, tangawizi, machungwa na malimau, kikombe kimoja kinanigharimu kama shilingi 30. Mwalimu, naanza na yai sasa, asante. Tope nalitikisa.

Pilipili manga nilisaga kwa kinu cha nyanya yangu. Mzee wa Langa, hapo ulisema kweli kuliko pote. Ile ya paketi nilinusa nikasikia harufu ya kabati.

Maseno nilienda na machungwa dazeni moja, bila chupa. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno njia nzima ndani ya matatu, maana mama mkwe wangu si mtu wa kuambiwa hapana na mke wa mtoto. Nikamwambia kuna muuguzi mkubwa kwa umri ameniagiza tumwulize daktari kwanza kwa sababu ya kadi ile. Alinyamaza muda mrefu akimenya chungwa kwa kisu, ganda lote likatoka utepe mmoja bila kukatika. Kisha akasema jirani yake alishampa ya unga kwenye maziwa, siku nne mfululizo, na hakutaka kumwambia mtu. Tukatazama mikono yake pamoja. Juu ya kiwiko cha kushoto palikuwa na alama ya zambarau upana wa sarafu ya shilingi ishirini. Alisema aligonga mlango wa ghala. Sikubishana, jioni hiyo hiyo nilimpeleka kwenye kituo, wakampima INR. Ilikuwa juu ya pale inapotakiwa, si sana. Wakamrekebishia vidonge vya siku mbili na kumwambia arudi baada ya wiki. Maziwa ya jirani yamesimama.

Mama muuguzi, anakusalimu. Ameuliza jina lako ili akuombee, nikamwambia humu hatutumii majina.

muuguzi_mstaafu

Mwambie nimepokea. Na tarehe ya kurudi kituoni uiandike kwenye simu yako wewe, si yake.

shamba_lurambi

Na blauzi?

nyar_kano

Siku ya tatu kwenye kamba. Ukijua pa kutazama, juu ya mfuko, bado kuna kivuli kama cha chai ya rangi. Kijana wangu amechukua daftari zima la karatasi nyeupe na magadi yangu yote, anaandikia dada yake barua za siri.